Mlango wa Nairobi

Vitenge vilikuwa vimeshakatwa, na fundi wa Masoko ameshamaliza magauni ya shangazi zetu wote, ndipo tukapata habari kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayeingia kwenye harusi. Coaster ya kutupeleka Nairobi ilikuwa imeshalipiwa advansi. Kamati ilikuwa ikikaa sebuleni kwetu Kisiba chini ya uenyekiti wa Baba Mdogo, michango inaingia kwa simu, na mimi mhazini nina daftari lililojaa majina na ahadi. Watu walikuwa wameanza kuulizia hati za kusafiria na kadi ya homa ya manjano. Katika ukoo ambao safari ndefu kwa wengi ni Mbeya mjini, Nairobi lilikuwa jambo la kulala nalo na kuamka nalo.

Anayeoa ni kitindamimba wetu. Alishuka Dar es Salaam kusomea umeme, akapata kazi huko, na huko huko akabatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Baba ni mzee wa kanisa la Moravian. Wamoraviani walifika kwetu Rungwe mwaka 1891 na ukoo wetu umekuwa kwao tangu enzi za babu yake Baba, kwa hiyo habari ile haikumfurahisha. Lakini hakupiga kelele. Alisema, "Ilimradi anasali," akachukua jembe akaenda kwenye migomba yake.

Kilichotikisa nyumba kwanza kilikuwa chai.

Mdogo wangu alimleta mchumba wake kumtambulisha. Ni binti wa Kigogo, wazazi wake ni Waanglikana wa Dodoma, na yeye pia alibatizwa Dar. Mama alichemsha chai ya maziwa ya ng'ombe wetu, majani yake ya Katumba, ambako na sisi tunapeleka majani mabichi ya kashamba ketu ka huko juu. Wifi alipokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru, akakiweka mezani. Kikakaa. Maongezi yakaenda, na maziwa yakajifunga utando juu. Mama aliuona ule utando, ila Shangazi alikuwa ameuona zamani. Kwetu mgeni asiyegusa kinywaji amesema neno zito bila kufungua mdomo: ama anahofia kulishwa kitu, ama anaidharau nyumba. Shangazi akanyanyuka, akakichukua kikombe kile kile, akapiga funda kubwa mbele ya macho ya wote ili mgeni aone hakina sumu, akakirudisha mbele yake. Wifi akainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Shangazi," mdogo wangu akasema, "sisi hatunywi chai."

"Chai ya kwetu?"

"Ya mtu yeyote. Wala kahawa."

Baba aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Na ada yako ya shule ilitoka wapi, mwanangu?"

Ilitoka kwenye chai, kila mtu chumbani alijua. Mdogo wangu akaeleza kwa upole kwamba mwaka 1833 Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, alitoa mafundisho ambayo wao huyaita Neno la Hekima, yanayokataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na viongozi wakafafanua kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa. Akaongeza kwamba ni mojawapo ya mambo mtu anayoulizwa kabla ya kupewa kibali cha kuingia hekaluni. Siku ile chai ilitushika wote mawazo, na hilo la kibali likapita.

Kesho yake alfajiri Mama alikwenda nyuma ya jiko akang'oa mchaichai, akauchemsha, akaweka asali, akamwendea mkwewe. "Na huu?" Wifi akanywa vikombe viwili. Mchaichai si mmea wa chai, haumo kwenye katazo. Tangu hapo Mama amepanda mstari mzima kuanzia jikoni hadi bandani kwa ng'ombe, na nadhani wawili hao walianza kupendana asubuhi ile, kabla hata ya mahari kutajwa.

Sasa turudi kwenye kamati. Tulikuwa tumekaa jioni, mvua inapiga bati, tunajadili watu wangapi watatosha kwenye Coaster, binamu yetu ambaye ni muuguzi Nairobi akapiga simu. Baba Mdogo akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Hekalu la Nairobi, ambamo harusi ingefungwa, yule binamu analijua, maana aliingia. Kabla halijawekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025 na Ulisses Soares, mmoja wa mitume wa kanisa hilo, milango yake ilifunguliwa kwa wananchi wote, wa dini yoyote, na yeye alikwenda na wenzake wa kazini. Akatusimulia zulia linalomeza sauti ya miguu, na vyumba ambavyo mtu hupita akinong'ona bila kuambiwa anong'one. Akatusimulia chumba wanachofungia ndoa, ambacho wenyewe hukiita cha kuunganishia: katikati pana madhabahu ya chini iliyovikwa kitambaa laini, maharusi wanapiga magoti huku na huku wakishikana mikono, na ukutani kuna vioo viwili vinavyotazamana, ukiangalia kimoja unajiona umejirudia na kujirudia mpaka huoni mwisho. Shangazi zetu walikuwa wanaguna kwa raha.

Kisha akauliza, "Sasa wao wakiwa ndani, ninyi mtakaa wapi? Niwatafutie mahali pa chakula?"

"Kukaa wapi tena?" Baba Mdogo akasema. "Tutakaa ndani, harusini."

"Kwani mmeshabatizwa?"

Sebule nzima ikatulia. Binamu akatueleza kwamba zile zilikuwa siku za wazi tu. Hekalu likishawekwa wakfu haliingii mtu ila muumini mwenye kibali. Mama alinyanyuka akaenda jikoni, tukasikia masufuria yanagongana, na hapakuwa na chakula kilichokuwa kinapikwa.

Mdogo wangu aliitwa kutoka Dar, akapanda basi la usiku, akafika macho mekundu. Alikuwa na hakika kwamba tunajua. Alishamwambia Mama mara nyingi kwamba wataunganishwa Nairobi, Mama akasikia harusi Nairobi, na mtoto alipoona vitenge kwenye picha alidhani ni vya sherehe ya nyumbani. Basi akakaa kwenye kigoda katikati ya wazee akaeleza.

Kanisani kwao Jumapili anaingia yeyote. Hekalu ni nyumba nyingine kabisa, na hata Jumapili huwa imefungwa. Anayetaka kuingia huhojiwa mara mbili, kwanza na askofu au rais wa tawi lake, kisha na rais wa kigingi, yaani wa makanisa yao kadhaa ya eneo moja, au wa misheni: imani yake, zaka yake, uaminifu wake katika mambo ya mwili, Neno la Hekima, ukweli wake kwa watu. Akipita anapewa kibali cha miaka miwili. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima husubiri mwaka mzima kabla ya kupokea ibada kubwa za hekaluni, na bila hizo hawezi kuingia chumba kile cha vioo kushuhudia ndoa ya mtu, hata awe Mmormoni mwenzao wa kila Jumapili. Kwa hiyo hatukutengwa sisi Wamoraviani peke yetu. Wakwe zetu Waanglikana wa Dodoma nao walikuwa nje. Na hadi juzijuzi mlango wenyewe ulikuwa mbali zaidi, maana kabla ya Nairobi waumini wa Tanzania walikuwa wakijipigapiga miaka ndipo wafike Johannesburg, kwenye hekalu la kwanza la Afrika, lililowekwa wakfu mwaka 1985. La Kampala nalo lilitangazwa Oktoba 2024.

Hapo angenyamaza ingekuwa nafuu. Lakini ni mtu mkweli, na alitaka tuelewe kwa nini jambo lile ni kubwa kwake. Akasema ndoa ya hekaluni haiishi kwa kifo. Mume na mke na watoto wao wanabaki jamaa moja milele, na hata wazazi waliokwisha kufa wanaweza kuunganishwa na watoto wao, mtu aliye hai akisimama badala yao.

Baba akainua mkono. "Ngoja hapo. Mimi nikiwa hai, mwanangu anaoa, nasimama getini. Nikifa, jina langu linaingizwa ndani. Nieleze vizuri hapo."

Mdogo wangu alifungua mdomo, akaufunga. Akasema tu kwamba kwa mafundisho yao aliyekufa halazimishwi, anaweza kukubali au kukataa. Baba akajibu, "Mimi hapa niko hai. Niulize sasa." Na kikao kikavunjika.

Usiku ule sikulala. Siku zilizofuata nilisoma nilichoweza kukisoma na kumuuliza mdogo wangu hadi akachoka na mimi, maana nilitaka kujua kama huu ni msiba wa nyumba yetu au wa wengi. Ni wa wengi. Marekani, ambako kuunganishwa hekaluni huhesabika pia kuwa ndoa ya kisheria, mama wasio waumini wamekaa vizazi kwa vizazi kwenye vyumba vya kusubiri huku binti zao wakiolewa ukuta wa pili. Kilichozidisha uchungu ilikuwa kanuni moja: waliofunga kwanza ndoa ya serikali, mbele ya jamaa zao wote, walipaswa kungoja mwaka mzima ndipo waunganishwe. Kijana aliwekwa kati ya mama yake na hekalu lake, achague. Mahali ambapo sheria ya nchi inataka ndoa ifungwe hadharani, kama Uingereza, hawakubebeshwa mzigo huo. Bomani leo, hekaluni kesho. Halafu tarehe 6 Mei 2019 Urais wa Kwanza wa kanisa hilo, chini ya Russell M. Nelson, ukaiondoa ile kanuni ya mwaka duniani kote.

Nalisema hili kwa moyo wangu wote: walifanya haki, na walichelewa. Sina ugomvi na mtu kuwa na mahali patakatifu pasipoingiwa ovyo. Shangazi mwenyewe, aliyekuwa na hasira kuliko wote, ndiye aliyetukumbusha kwamba Wanyakyusa tulikuwa na milango mizito kuliko huo wa Nairobi. Mama yake, yaani bibi yetu, akimsikia baba mkwe anakuja njiani alikuwa anaacha ndoo na kujitosa kwenye migomba. Mkwe wa kike hakutazamana na baba mkwe wala kutaja jina lake, na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na wazee wetu katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo kwa urefu. Nimehudhuria pia harusi za Waislamu Dar, ambako bwana harusi anafungishwa ndoa msikitini na wanaume, bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, na hakuna anayejiona amefukuzwa. Lakini katika hayo yote kila mzazi ana nafasi yake, na anaijua tangu mwanzo. Baba mkwe wa Kinyakyusa asiyetazamwa ndiye aliyetoa ng'ombe. Mlango unauma pale ambapo mzazi hana kazi yoyote isipokuwa kungoja upande wa nje.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo hivyo. Nikamwambia tangu 2019 kanisa lake halimdai achague, basi asijichagulishe mwenyewe. Ndoa ifungwe bomani Tukuyu, watu wote waione, kisha waende Nairobi wawili na Mungu wao. Alikubali kabla sijamaliza. Nadhani alikuwa anangoja mtu wa nyumbani aseme.

Taarifa ya ndoa ikapelekwa bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na Baba aliipenda sana sehemu hiyo, maana inafanana na matangazo ya Jumapili ya ushirika wake. Mwenye Coaster akagoma kurudisha advansi. Baada ya maneno mengi, na mengine siwezi kuyaandika, tukakubaliana aifanyie kazi hapa hapa: atubebe Kisiba hadi Tukuyu na kuturudisha.

Tarehe ikaangukia Machi. Anayeijua Rungwe hahitaji kuelezwa Machi. Mvua ilianza usiku na asubuhi ilikuwa inanyesha kwa bidii ile ile. Coaster ilipanda kilima cha kwanza, ikapanda cha pili, cha tatu ikarudi kinyumenyume yenyewe, ikalala kwenye mtaro. Wanaume wakashuka kukata migomba ya jirani (tulimlipa baadaye) na kuipanga chini ya matairi. Matairi yakaichana ile migomba na kutumwagia maji yake na tope jekundu, mimi, shangazi zangu na vitenge vyetu. Tulisukuma. Mama alisukuma akiwa amevaa hereni zake za sikukuu. Gari likatoka, lakini dereva akaogopa kusimama akaenda kutungojea juu kabisa penye changarawe, na kati yetu na changarawe palikuwa na tope la kufika vifundoni, na wifi yangu yuko ndani ya gauni jeupe.

Baba Mdogo akavua koti, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Panda, mwanangu." Akambeba mgongoni hadi juu. Shangazi alipiga yowe la kweli kweli, mikono kichwani, maana huyo naye ni baba mkwe, na kwa mila ya mama yake hata kivuli chake binti asingekikanyaga. Kisha yowe likageuka kigelegele, na wengine tukalipokea. Wakwe zetu wa Dodoma, waliolala kwetu tangu juzi na ambao mvua kama hii kwao ni ndoto, walisimama chini ya mwavuli mmoja wakipiga makofi.

Bomani tulifika tumechelewa sana, na msajili, Mungu ambariki, alikuwa bado yupo. Akauliza mashahidi. Mashahidi walikuwa rafiki wawili wa maharusi kutoka kanisani kwao, waliolala Mbeya, na simu yao ilitwambia wamekwama kwenye foleni ya malori, kuna lori limelala katikati ya barabara. Msajili akatazama saa. Sheria inataka wawili. Akasema mtu mzima yeyote aliyeiona ndoa hii kwa macho yake anafaa.

Basi akasaini Mama. Alifuta mikono kwenye ubavu wa kitenge, akaangalia kucha zake zenye tope, akafuta tena. Aliandika majina yake matatu kwa ule mwandiko wa kulala aliofundishwa shule ya misheni, herufi moja moja, na kalamu ilipogoma katikati ya jina la babu yangu aliingoja hadi wino ukarudi, akamalizia. Wa pili akasaini baba yake wifi. Mdogo wangu alikuwa ametulia muda wote, lakini alipoiona ile kalamu kwa Mama alilia hata msajili akamsogezea kiti.

Sherehe ilikuwa kama sherehe zetu: ndizi, wali, ng'ombe mmoja, soda. Wazee wenye kimpumu chao waliheshimu nyumba wakanywea kwa jirani. Mchaichai ulitoka masufuria mawili makubwa. Wale rafiki wa Mbeya walifika jioni wakala hadi usiku.

Baada ya siku chache maharusi walipanda basi kwenda Nairobi. Mama alifikiria kufuatana nao akae kwenye bustani ya hekalu, mradi awe karibu. Mwishowe hakwenda. Alisema harusi ameshaiona, na huko hakuna anachodai. Walipotoka hekaluni walipiga simu, wifi anacheka, mdogo wangu sauti inamkwama. Baba alichukua simu akawapa hongera na kuwaombea, sala ndefu ya Kimoraviani, hadi salio la mtu likaisha.

Lakini swali lake hajaliacha. Pasaka walikuja nyumbani na akalirudia mezani, safari hii bila hasira. Mdogo wangu alikuwa amejiandaa. Akamweleza kwamba kanisa lao linataka ridhaa ya ndugu wa karibu kabla ya kumfanyia ibada marehemu yeyote aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita. Hakuna atakayeliokota jina lake tu na kulipeleka.

"Ndugu wa karibu nani?" Baba akauliza.

"Kwanza mke. Mke asipokuwepo, watoto."

Baba akasema na iandikwe basi kwamba yeye hataki: atazikwa Mmoraviani na abaki hivyo. Mdogo wangu akaahidi mbele yetu sote kwamba hatalipeleka jina hilo mahali popote. Baba akaridhika, kisha akakumbuka lililosemwa, akamgeukia Mama.

"Na wewe umesikia?"

Mama alikuwa anamimina mchaichai. "Nimesikia," akasema. "Mimi bado nafikiri."